UZI: Projekta ya simuleta ya gofu nyumbani, anza na futi kamba kabla ya lumeni

#1 Gereji Baridi

Habari zenu wakuu.

Tangu niweke picha za gereji yangu humu nimepata meseji nyingi za pembeni, karibu zote zina swali moja: "Ninunue projekta gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora niandike kila kitu hapa. Nilipoteza hela na mwezi mzima wa baridi kwa kukosea jambo hili, na sipendi mwenzangu apite njia hiyohiyo.

Niko Minnesota, Marekani. Huku ikifika Novemba viwanja vinafungwa, na unasubiri mpaka theluji iyeyuke karibu na Aprili. Mwenye ugonjwa wa gofu anabaki na gereji tu. Ya kwangu ni ya magari mawili. Gari moja nimeliacha lilale nje, nusu iliyobaki nimeifanya uwanja wa simuleta, yaani unapiga mpira halisi kwenye skrini na kompyuta inauonyesha ukiendelea kuruka kwenye picha ya uwanja: upana futi 12, urefu futi 20, dari futi 9. Skrini nzito ya kupokea mpira imesimama futi 1 mbele ya ukuta wa mwisho, kwa sababu kitambaa kinahitaji nafasi ya kubonyea. Mpira uko futi 10 kutoka kwenye skrini. Ukiusogeza karibu zaidi ya hapo, unaweza kukurudia usoni.

Projekta yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa chini ya dola 200. Tangazo lilisema lumeni 9,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) na "inapokea 4K", yaani picha yenye nukta nyingi sana. Nikaifunga darini nyuma kabisa, maana ndiko picha ilikotosha skrini. Nikawasha, uwanja ukatokea, nikafurahi. Nikashika aini 7 (fimbo ya chuma ya mapigo ya kati), nikasimama kwenye mkeka, nikainama kuangalia mpira.

Kichwa changu kikawa kimelala kwenye nyasi, kushoto chini ya picha, cheusi kama nazi. Nilipoinua fimbo, kivuli cha mikono na cha fimbo vikapanda katikati ya uwanja na kufunika bendera. Kila pigo nilikuwa najipiga kivuli changu mwenyewe. Pati, yale mapigo mafupi ya kuviringisha mpira shimoni, ndiyo haikuwezekana kabisa, maana mstari unaotakiwa kuusoma uko pale pale chini ambapo kichwa kimelala.

Baada ya pale nikachukua futi kamba na karatasi, na hesabu yenyewe ni rahisi. Kila projekta ina namba ya umbali: chukua umbali kutoka lenzi hadi skrini, gawa kwa upana wa picha. Ile yangu ilikuwa 1.5. Picha ya upana wa futi 11 mara 1.5 ni futi 16 na nusu, maana yake projekta ilikaa futi 6 na nusu nyuma ya mpira. Lenzi ilikuwa juu futi 8 na nusu. Mwanga unaoshuka kuelekea chini ya picha, ukifika pale niliposimama, uko kama futi 5 na inchi 4 kutoka sakafuni. Mimi nina futi 5 na inchi 10. Kichwa kilikuwa lazima kiingie kwenye mwanga, ningenunua lumeni ngapi sijui.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni hili: lenzi itakaa wapi ukilinganisha na mwili wako? Jibu linalofaa vyumba vingi vya nyumbani ni juu, mbele kidogo ya mpira, futi 1 hadi 3 kuelekea skrini. Hapo mwili uko nyuma ya mwanga. Upande wa projekta kugongwa, mpira ungehitaji kupanda wima kweli kweli ndipo uifikie, na weji ya kawaida, fimbo ya kupandisha mpira juu, haipandi hivyo.

Sasa geuza hesabu. Mpira futi 10, toa 2, lenzi iko futi 8 kutoka skrini. Gawa kwa upana wa picha, futi 11. Unapata 0.73. Hiyo ndiyo namba unayoitafuta dukani kabla hujasoma kitu kingine. Mimi nilichukua BenQ TH671ST kwa sababu namba yake inaanzia 0.69 hadi 0.83, nikapata nafasi ya kuisogeza mbele au nyuma kidogo. Mwenye chumba tofauti atapata namba tofauti na projekta tofauti, na ndiyo maana nikiulizwa "projekta gani" nami nauliza "chumba gani".

Zile za kukaa karibu sana na ukuta, zenye namba chini ya 0.4, ziacheni kwenye sebule za kuangalia filamu. Mwanga wake unaparuza skrini kwa pembe kali, na skrini ya gofu hailali bapa kama ukuta. Kila kikunjo kidogo kinapindisha picha, mbali na kwamba mashine yenyewe inakaa jirani na mahali mpira unapotua.

Lumeni nazo. Tangazo likisema lumeni bila kutaja ANSI au ISO (viwango rasmi vya kupima mwanga), usiliamini. Lumeni 9,000 za ile ya kwanza zilishindwa na taa moja ya dari. Ukishapata namba halisi, igawe kwa eneo la picha. Yangu ina lumeni 3,000, picha ni futi 11 kwa 6.2, yaani futi za mraba 68, inatoka lumeni 44 kwa kila futi ya mraba. Sinema hulenga kama 14, lakini sinema ni giza totoro. Sisi tunahitaji kuuona mpira, na kama kifaa chako cha kupima mpira ni cha kamera, nacho kinahitaji kuona. Taa lazima iwepo juu ya mkeka, na sehemu ya mwanga wake itavujia kwenye skrini. Kwa uzoefu wangu kuanzia 40 kwenda juu unacheza vizuri, mradi taa imefungwa inaangalia chini kwenye mkeka na kuta za pembeni zina pazia jeusi.

Kuhusu 4K watu wanabishana sana, mimi nitasema ninachokiona. Picha ya futi 11 kwenye projekta ya 1080p ina nukta 1,920 kwa upana, kwa hiyo kila nukta ina kama milimita 1.75. Jicho zima likiwa futi 10 linaweza kutofautisha kitu cha milimita 0.9 hivi. Kwa hiyo ndiyo, nukta unaziona ukiziangalia, hasa kwenye maandishi na majani ya miti ya mbali. Lakini ukiwa unapiga, macho yako kwenye mpira. Na 4K inataka kompyuta ichore nukta milioni 8.3 badala ya milioni 2, na kadi ya picha ya kuendesha GSPro (programu ya simuleta ya gofu) kwa kiwango hicho inaweza kukugharimu kama projekta yenyewe. Ningekuwa na hela ya kimoja tu, ningenunua mwanga na umbali sahihi kwanza.

La mwisho, waya. Kama utapitisha HDMI (waya wa picha kutoka kompyuta) darini kwa zaidi ya futi 20 na unataka 4K, waya wa shaba wa kawaida unaanza kusumbua, wengi tunatumia wa nyuzi za mwanga. Ule una kichwa na mkia: upande mmoja ni wa kompyuta, mwingine wa projekta. Mimi nilinunua kabisa wa nyuzi ili siku nikihamia 4K nisibomoe dari, nikaupitisha kinyumenyume, nikaziba dari, nikapaka rangi, halafu nikawasha. Giza. Nilibomoa. Someni maandishi kwenye vichwa vya waya kabla ya kupanda ngazi.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kadi Moja

Asante sana kaka, nimeusoma uzi wote na kikombe cha chai kimepoa. Mimi niko Nairobi, tuna chumba nyuma ya nyumba ambacho kilikuwa stoo. Urefu mita 6, upana mita 4, dari mita 2.7. Huku hakuna theluji, shida yetu ni kwamba nikitoka kazini jua limeshazama, na nikisema nisubiri Jumamosi, foleni ya kuanza inanikuta. Je, dari hiyo inatosha? Na kuna kitu chochote cha kuangalia tofauti na huko Marekani?

#3 Mzee wa Weji

Ndugu mwandishi, umeandika vizuri lakini naona umeiruka njia ya sakafuni. Mimi nimepanga nyumba, mwenye nyumba hataki hata msumari mmoja darini. Projekta yangu ina namba 0.5, picha futi 10, inakaa futi 5 kutoka skrini ndani ya kisanduku cha mbao nilichokifunika raba. Kivuli sijawahi kukiona hata siku moja, na nikihama nabeba. Kwa mpangaji hiyo ndiyo njia, msimtishe mtu aone bila kutoboa dari hawezi.

#4 Gereji Baridi

Mzee wangu wa Weji, shikamoo. Ni kweli niliiruka na nakubali kwa mpangaji inafaa. Ila nina wasiwasi mmoja, na nauandika kwa hesabu ili mtu apime mwenyewe. Mipira mingi ya dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, inaondoka kwa nyuzi 11 hivi. Mpira ukiwa umesafiri futi 5, kwa pembe hiyo umepanda kama futi 1 tu. Kisanduku chako kikiwa katikati na kina kimo cha futi 1, dreva nzuri kabisa inapita juu yake kwa bahati, na ile uliyoikata kichwani, ikaenda chini chini, inakigonga na kukurudia. Na pati unafanyaje, si zinakwenda moja kwa moja kwenye sanduku?

#5 Mzee wa Weji

Marahaba. Umenishika hapo kwenye pati. Sanduku langu limekaa kulia kidogo, inchi 20 hivi kutoka mstari wa mpira, nikanyoosha picha kwa marekebisho ya projekta. Picha ikapoteza ukali kidogo kwenye kona moja. Pati sichezi, nimeweka programu impe kila mtu mapigo mawili akifika grini, pale kwenye shimo. Na dreva nimeiacha, napiga aini na weji peke yake, ndiyo maana sijaliona tatizo. Kisanduku chenyewe kina inchi 8. Mwenye kutaka kupiga dreva asiniige.

#6 Gereji Baridi

Hapo tumeelewana kabisa. Na umegusa jambo ambalo wengi hawalijui. Yale marekebisho ya kunyoosha picha kwa kompyuta ya ndani ya projekta yanakula nukta: picha inabanwa ndani ya eneo dogo na nukta nyingine zinazimwa. Projekta yenye lenzi inayosogea yenyewe, juu chini au kushoto kulia, haipotezi kitu, lakini bei yake ni nyingine. Kwa projekta nyingi za bei yetu lenzi haisogei, kwa hiyo ni kufunga mashine ikiwa imenyooka, bila kuinama, na katikati ya picha tangu mwanzo. Halafu angalieni kwenye kijitabu picha inaanzia umbali gani chini ya lenzi. Ikiandikwa 110%, ukiining'iniza darini, ukingo wa juu wa picha utakuwa chini ya lenzi kwa asilimia 10 ya kimo cha picha. Mimi kimo ni futi 6.2, hiyo ingekuwa inchi 7 na nusu. Mwenye dari fupi inchi hizo zinamuuma.

Kadi Moja, nakujibu. Mita 2.7 ni kama futi 8 na inchi 10. Kama hujapita futi 6, dreva inaweza kupita, lakini usikubali neno langu. Shika dreva, fanya swingi (zungusha fimbo kama unapiga) pole pole sana mahali utakaposimama, mtu akuangalie kichwa cha fimbo kinapita sentimita ngapi kutoka darini. Rudia kwa kasi ya nusu. Ukijikunyata kwa kuogopa dari, swingi yako itaharibika na utaipeleka hivyo hivyo uwanjani.

Tofauti ya Nairobi ni mwinuko. Mko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na inapoza mashine vibaya. Projekta nyingi zina mpangilio wa nyanda za juu kwenye menyu, kwa kawaida wa kuanzia mita 1,500. Uwashe. Feni itapiga kelele zaidi, lakini mashine haitajizima katikati ya mchezo. Na kwenye programu ya gofu weka mwinuko wa kwenu pia, maana mpira unaenda mbali zaidi huko kuliko pwani, na utachanganyikiwa ukijua aini 7 yako kwa namba za usawa wa bahari.

#7 Mama Kushoto

Nawasalimu wote. Niko Toronto, simuleta yetu iko chini ya nyumba, dari futi 8 tu, kwa hiyo dreva tumeshaisahau. Nachangia kwa upande wa wanaotumia mkono wa kushoto, maana mwanangu ni wa kushoto na baba yake wa kulia.

Fundi alitufungia projekta upande wa kulia wa mpira, akasema mpigaji wa kulia anasimama kushoto hivyo itakuwa mbali na fimbo. Kwa mume wangu ilikuwa sawa. Siku ya kwanza mtoto alipopiga, fimbo ilipita vidole viwili kutoka kwenye mashine. Nilipiga kelele nyumba nzima. Tuliihamishia katikati kabisa na kuisogeza mbele, futi 3 mbele ya mpira. Familia yenye mikono yote miwili isikubali projekta ya pembeni hata kama fundi anasisitiza. Na upana wa chumba nao uangaliwe: kama mpira hauwezi kukaa katikati, mmoja wao atapiga ukuta.

Jingine ni umbo la picha. Skrini yetu ni pana futi 10 na kimo futi 7 na nusu. Picha ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) ingetupa kimo cha futi 5.6 tu, karibu futi 2 juu zikiwa nyeupe tupu. Tulitafuta ya 16:10, ikatupa futi 6 na robo. Mpira ukiruka juu unauona kwa muda zaidi kabla haujatoka kwenye picha. Kwangu hilo lina thamani kuliko 4K.

#8 Gereji Baridi

Dada, asante sana, hili la mkono wa kushoto nilikuwa silijui kwa undani. Kwenye 16:10 nakuunga mkono. Rafiki yangu mmoja huku ana BenQ LU935ST, ni 1920 kwa 1200, ya leza, lumeni 5,500, na picha yake hata mlango wa gereji ukiwa wazi mchana inasomeka. Namba yake ni 0.81 hadi 0.89, kwa hiyo kwa picha ya futi 11 inakaa futi 9 hadi karibu 10, juu ya mpira kabisa. Gereji yake ina dari ya futi 10, anaweza. Kwangu fimbo ingeikuta.

#9 Fundi Umeme

Habari za muda huu. Mimi ni fundi wa umeme, Dar es Salaam, nimeshafunga projekta kwenye kumbi na makanisa kuliko ninavyoweza kuhesabu. Gofu siijui, umeme naujua.

Mtu anayetaka kuleta projekta kutoka Marekani aangalie kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 100–240V, abadilishe waya wa ukutani tu basi. Shida yetu kubwa ni kukatika. Projekta ya taa ya lampu ukiizima, feni inaendelea kuzunguka dakika kadhaa kuipoza lampu. Umeme ukikatika ghafla feni inakufa na joto lote linabaki ndani. Nimetoa lampu zilizopasuka mara nyingi kwa sababu hiyo. UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 kwa projekta peke yake inakupa muda wa kuizima kistaarabu. Kompyuta iwe na yake. Ya leza haina tabu hiyo kwa kiasi hicho, na inawaka papo hapo.

Na vumbi. Kama ina kichujio, kitoe na ukisafishe kabla mashine haijakudai. Chumba chenye mkeka wa nyasi bandia kina vumbi na nyuzi nyuzi nyingi kuliko ofisi.

#10 Gereji Baridi

Fundi, ubarikiwe. Hapo kwenye leza niongeze kidogo, maana wauzaji wanaisukuma kwa maisha ya saa 20,000. Mtu anayecheza saa 10 kwa wiki anatumia saa 520 kwa mwaka. Hata lampu ya saa 4,000 inampeleka zaidi ya miaka 7. Kwa nyumbani sababu ya kununua leza ni hiyo uliyotaja, umeme wa kukatika na kuwaka haraka, pamoja na mwanga mwingi.

Kwa sisi wa baridi shida ni kinyume cha joto. Mashine nyingi zimeandikwa nyuzi 0 hadi 40 za Selsiasi. Januari gereji yangu bila hita inashuka chini ya hapo usiku kucha. Nawasha hita saa nzima kabla, nasubiri mpaka chuma cha projekta kisiwe baridi mkononi, ndipo nawasha. Ukipasha hewa haraka unyevu unatanda kwenye lenzi kama kwenye miwani ukiingia ndani.

#11 Kadi Moja

Wakuu nimerudi na majibu. Jana usiku sikutaka kununua kitu kabla ya kujaribu, nikaibandika simu darini kwa gundi ya karatasi, tochi ikiwa imewaka inaangalia ukuta wa mbele, nikatandika shuka jeupe. Mke wangu alishika futi kamba. Mpira niliuweka mita 3 kutoka ukutani.

Tochi ikiwa mita 3.6 kutoka ukutani, mikono na fimbo vinajaa kwenye shuka kila nikiinua. Ikiwa mita 3, yaani juu ya kichwa changu, naona fimbo tu. Mita 2.4, nikisimama kwenye mpira shuka ni safi kabisa. Kivuli cha mikono kinapita mwishoni mwa swingi, wakati huo mpira ungekuwa umeshagonga skrini. Dreva ilibakiza kama kiganja kimoja kutoka darini, kwa hiyo nitaipiga kwa adabu.

Picha nataka mita 3.2. Kwa hiyo 2.4 gawa kwa 3.2 ni 0.75. Nimefanya sawa?

#12 Gereji Baridi

Umefanya sawasawa kaka, tena umenizidi. Hiyo ya tochi ningeijua mapema, dari yangu isingekuwa na matundu mawili. 0.75 inaangukia kati ya 0.69 na 0.83, kwa hiyo una kama sentimita 20 za kusogeza mbele na 25 za kurudi nyuma. Eneo la picha yako ya 16:9 ni mita za mraba 5.8, sawa na futi za mraba 62. Lumeni 3,000 za kweli zinakupa 48. Inatosha na taa ya mkeka ikiwa imewaka.

Usiitoe simu kabla hujaweka alama.

#13 Kadi Moja

Alama ya chaki ipo. Mke ameshaniuliza ni ya nini, nimemwambia akae mkao wa kujifunza pati.